Nani Alimuua Rosa?

Balaa lote linaanza na barua. Binti wa Namagondo, kisiwani Ukerewe, ameandikiwa na kijana anayemtaka. Baba yake, Zakaria, mlevi wa kupindukia, anaipata ile barua na kumcharaza mwanawe kipigo ambacho hatakisahau. Kuanzia siku hiyo Rosa anawaogopa wanaume kama ukoma. Anasoma, anafaulu, anakwenda chuo cha ualimu Morogoro, mbali na mkono wa baba, na woga unamtoka. Zinafuata starehe, mimba zinazotolewa, na majuto. Anaporudi kijijini akiwa mwalimu, Charles, yule yule wa barua, anataka kumwoa, kisha anavunja uchumba kwa kuwa Rosa si bikira. Rosa anajiua.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo hiyo hiyo, aliitoa Rosa Mistika mwaka 1971, ndio kwanza ametoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Haikuchukua muda ikapigwa marufuku shuleni. Lakini kitabu kilichofungiwa darasani kina njia zake za kufika bwenini, na baadaye marufuku ilipoondolewa, Rosa akaingia darasani kwa mlango wa mbele. Kwa zaidi ya miaka 50 wasomaji wamekuwa wakibishana: kauawa na nani? Na baba aliyemlea kwa fimbo? Na Charles? Au kajimaliza kwa tabia zake? Mwandishi mwenyewe aliona kesi hii haiwezi kuishia duniani. Mwishoni anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama.

Ubishi huo unaeleza mengi kuhusu riwaya ya mapenzi ya Kiswahili. Tangu mwanzo msomaji amekabidhiwa msichana anayependa, akaombwa amhukumu.

Haikuwa hivyo katika ushairi. Pwani ya Afrika Mashariki iliimba mapenzi karne nyingi kabla ya mtu kuandika riwaya. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya mahaba mwanzoni mwa karne ya 19. Siti binti Saad, mwimbaji wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na santuri zikarudi kupigwa kwenye baraza za watu wa kawaida. Humo mpenzi analia, anasuta, anabembeleza, na hakuna anayemdai adhabu. Riwaya ilipozaliwa ilikuwa na shughuli nyingine. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kilisimulia utumwa na ukombozi. Shaaban Robert alijenga nchi za kubuni ili aseme na watawala. Muhammad Said Abdulla akamleta mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Mapenzi yalikuwa kiungo tu, mlo wenyewe ulikuwa mwingine.

Mwaka mmoja baada ya Rosa, mambo yalikuwa yamebadilika. Mohamed Suleiman Mohamed wa Zanzibar alitoa Kiu mwaka 1972, na jina la kitabu limebeba kisa chote. Bahati, binti wa kimaskini, ana kiu ya kupendwa. Idi ana kiu ya mali. Mwinyi, tajiri mzee, ana kiu ya Bahati. Watu watatu, na kila mmoja anamwona mwenzake kama mtungi wa maji. Wasomaji wengi huanza kumchukia Mwinyi, mzee asiyejua umri wake, kisha kurasa zikisonga wanagundua kwamba anayestahili kuogopwa ni yule kijana mzuri wa maneno laini. Hapo ndipo ufundi wa Mohamed ulipo: anamwacha msomaji adanganyike pamoja na Bahati.

Said Ahmed Mohamed naye akaja na Utengano, mwaka 1980. Bwana Maksuudi, mwanasiasa anayewahutubia watu mchana, amemfungia binti yake Maimuna ndani ya nyumba kama mali ya mkopo. Maimuna anatoroka. Hajui mji, hajui watu, hajui hata jinsi ya kusema hapana, kwa sababu hakuwahi kupewa nafasi ya kusema lolote. Anaangukia kwenye madanguro na ulevi. Ila Said hakumuua. Maimuna anarudi akiwa na makovu yake, na Kabi anamwoa akijua alikotoka. Ukimweka Kabi karibu na Charles, unaona umbali ambao riwaya ilikuwa imetembea kwa miaka tisa tu.  Kabi anastahili kusifiwa.

Wakati huo huo, mjini kulikuwa na vitabu vya aina nyingine, vile ambavyo wahakiki walivipa jina la riwaya pendwa. Elvis Musiba alianza na Kufa na Kupona mwaka 1974 na mpelelezi wake Willy Gamba. Ben Mtobwa akafuata na Joram Kiango, na Nuru ubavuni mwake. Mtobwa alikuwa na kampuni yake mwenyewe, Heko, na vitabu vyake vilisomwa mpaka vikachanika. Hata leo, kwenye meza za vitabu vikuukuu, nakala ya zamani ya riwaya kama hizo haikosi dalili: gamba limeshikwa kwa selotepu, pembe zimekunjika, na ndani majina ya watu watatu au wanne, kila mmoja akidai kitabu ni chake.

Magazeti binafsi yaliporuhusiwa kushamiri miaka ya 1990, mapenzi yalihamia huko. Eric Shigongo na magazeti yake kama Uwazi na Ijumaa alisimulia kwa vipande, na Rais Anampenda Mke Wangu likawa jina la kusimamisha mtu njiani. Kijiweni gazeti moja lilitosha watu sita. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza, na kisa kinakatika pale pale mlango unapogongwa: itaendelea. Wiki nzima watu wanagombana juu ya mke ambaye hayupo duniani.

Shuleni ubishi ulipewa mipaka. Mwanafunzi wa Tanzania anayesomea mtihani anafahamu kichwa cha habari kiitwacho nafasi ya mwanamke, na chini yake orodha: mwanamke kama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke jasiri. Rosa anakatwa vipande akaenea kwenye orodha hiyo, na maumivu yake yanakuwa alama mbili. Nafasi ya mwanamume haina orodha. Hilo ni kosa linalouma, kwa sababu mtu asiyeulizwa juu ya Charles anaweza kumaliza shule akidhani Charles alikuwa na haki.

Ndiyo maana Yasmin aliposhika hatamu, wasomaji walishusha pumzi. Katika Vuta n'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999, binti wa Kihindi wa Zanzibar ya miaka ya 1950 anaozwa kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno. Anamkimbia. Ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa mtaa wa Ng'ambo, katika chumba kidogo. Anampenda Denge, mpigania uhuru anayesakwa na polisi. Yasmin anakosea, anaumia, anacheka, na hakuna baraza linaloitishwa kumhukumu. Mwaka 2021 Amil Shivji aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto.

Siku hizi riwaya nyingi za mapenzi hutumwa kwa simu, sehemu kwa sehemu, kwenye makundi ya WhatsApp, na msomaji hulipia kwa simu hiyo hiyo. Kesi imerudi mikononi mwake, ila safari hii anaweza kumfikia mwandishi kabla hukumu haijaandikwa. Sehemu ya 20 ikiingia usiku, ujumbe unamiminika: asirudiane naye, yule mwanamume ni mwongo, mwache, anampenda kweli, tafadhali usimuue. Mwandishi anausoma wote, maana kesho watu wanasubiri sehemu ya 21.