Magadi, Nyongo na Sindano

Siku ya soko katika mji wa Oyugis, ulioko kwenye njia kuu itokayo Kisumu kupitia Sondu kwenda Kisii, hakosekani mama mwenye kupima magadi kwa kikopo, na mnunuzi akifika nyumbani hutia chembe mbili tatu katika chungu cha mboga ya apoth ili majani yalainike. Ni wachache wajuao kwamba soda ya jamii hiyohiyo, ikichanganywa na maji kwa kadiri ya sehemu nne katika mia, huua virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo, maradhi ambayo yakizuka huwafungia wafugaji soko la ng'ombe kwa majuma mengi. Walakini soda hiyo humwagwa ardhini, na kupakwa viatu na magurudumu. Ng'ombe mwenyewe haimponyi, na tangu zama za babu zetu dawa ya kumnywesha mnyama hata virusi vimtoke imetafutwa, isipatikane.

Sotoka, tauni ya ng'ombe, ndiyo iliyotangulia kutufunza hayo. Iliingia barani mwetu kwa bandari ya Massawa mnamo 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa ajili ya jeshi la Italia, ikashuka kusini, na kufikia 1890 na 1891 ilikuwa imekwisha kufagia mazizi ya nchi za ziwa, aghalabu ikibakiza mnyama mmoja katika kumi. Na madhali miongoni mwa Wajaluo mahari huhesabiwa kwa ng'ombe, msiba ule haukuishia zizini bali uliingia katika posa na ndoa. Ilipovuka mto Zambezi mwaka 1896, serikali ya Koloni la Rasi ilimwita mtaalamu wa vijidudu, Robert Koch, naye huko Kimberley akaona ya kwamba nyongo ya ng'ombe aliyekufa kwa sotoka, ikidungwa chini ya ngozi ya mzima, humpa kinga. Ni ajabu kweli, kinga kuchimbuliwa katika mzoga wenyewe!

Katika maabara ya Kabete, karibu na Nairobi, matabibu wa mifugo walishika njia hiyohiyo ya kinga, kwanza kwa damu na seramu, kisha kwa virusi vilivyodhoofishwa katika mbuzi. Hata mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Muguga, tabibu wa mifugo Walter Plowright akaipitisha aina ya virusi iliyobeba jina la Kabete katika seli za figo za ndama, kizazi baada ya kizazi, takriban mara 90, mpaka ikapoteza ukali wake pasipo kupoteza uwezo wa kukinga. Sindano moja ilimtosha ng'ombe umri wake wote. Mara ya mwisho sotoka ilionekana mwaka 2001, katika nyati wa hifadhi ya Meru, na mwaka 2011 ulimwengu ukatangaziwa kwamba imetoweka.

Ugonjwa wa miguu na midomo haukukubali kushindwa hivyo. Tangu wanasayansi Loeffler na Frosch walipodhihirisha huko Ujerumani, mwaka 1898, kwamba kiini chake hupenya katika chujio lizuialo bakteria, zimejulikana aina zake saba, na kinga ya moja haizuii nyingine. Kwa hiyo chanjo itokayo kiwanda cha Embakasi, Nairobi, sharti ilingane na aina iliyozuka, tena irudiwe. Ng'ombe aliyeshikwa utamjua kwa mate yaning'iniayo kama nyuzi, ulimi uliochubuka, na namna anavyoinua mguu huu akashusha ule, kana kwamba amekanyaga makaa. Antibiotiki atakayochomwa huzuia usaha wa vidonda, virusi haivigusi. Na mfugaji, vidonda vikisha kukauka, huishukuru sindano kwa kazi iliyofanywa na mwili wa ng'ombe.

Hata soda nayo ina masharti yake. Kabla haijamwagwa, zizi hukwanguliwa kwanza, likaoshwa, ndipo gunia lililolowekwa likatandikwa mlangoni ili kila aingiaye na atokaye alikanyage. Kwa jua la Kasipul, pande hizo za Oyugis, gunia hilo hukauka kabla ya adhuhuri, na mtoto anayetumwa maji huliruka, asije akalowa miguu.