Sumu ya Mbung'o na Samaki wa Kidimbwi

Ukifika Ngarambe, kijiji cha Rufiji kilicho pembeni mwa pori, mbung'o watakupokea kabla ya wenyeji. Mdudu huyu hueneza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu, ndiyo maana kwa miongo mingi jibu lilikuwa moja: piga dawa.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watafiti wenye kituo Arusha walijaribu kunyunyizia DDT kwa ndege juu ya misitu ya Tanganyika. Mwaka 1981 ikawa zamu ya Bonde la Lambwe, Kenya, safari hii kwa endosulfani.

Sasa fikiria kidogo. Dawa iliyopulizwa kama ukungu haijui mpaka wa msitu. Upepo unaweza kuipeleka hadi kwenye vidimbwi vya masika. Bonde la Rufiji lina samaki wadogo wa jenasi ya Nothobranchius wanaoishi humo. Maji yakikauka wote hufa, mayai yakabaki kwenye tope yakingoja mvua. Endosulfani ni sumu kali mno kwa samaki. Mtoni, samaki wengine watakuja kujaza pengo. Kidimbwini atakuja nani? Wakifa kabla ya kutaga, msimu umepotea.

Unguja walipita njia nyingine: ng'ombe walipakwa dawa mgongoni, kisha madume tasa ya mbung'o yaliyofugwa Tanga yakaachiwa kwa ndege. Mbung'o wa mwisho alinaswa 1996.

Bara si kisiwa, mbung'o hurudi. Ila vitambaa vya bluu na vyeusi vilivyotiwa dawa humvuta mbung'o aifuate sumu, badala ya sumu kumfuata yeye hadi kidimbwini.