Vidole na Maneno: Gitaa la Mwenda Jean Bosco

Mwaka 1952, mjini Jadotville (Likasi ya leo), Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco, mpigaji wa gitaa kavu aliyetumia vidole viwili tu, gumba na cha shahada. Wimbo wake "Masanga" ukaenea mbali kuliko Kiswahili kilichomo ndani yake. Hapo ndipo tatizo lilipozuka. David Rycroft, katika jarida la African Music la miaka 1961 na 1962, alichambua upigaji huo kwa makini ya kupigiwa mfano. Lakini wasikilizaji wengi wa ng'ambo walibaki na vidole, maneno yakawapita.

Kwa msemaji wa Kiswahili wa Kasongo au Kabambare, mtu anayesema ndiye husikika kwanza. Madoido ya Bosco hukaa zaidi kati ya beti. Sauti inapoingia, gitaa humpisha mwimbaji. Na kama ufundi wa vidole ungekuwa ndio kipimo pekee, itakuwa vigumu kueleza kwa nini binamu yake, Edouard Masengo, ambaye upigaji wake ni mwepesi zaidi, alipendwa mno hadi Nairobi.