Bafle za okazi: namna ya kununua, kuuzisha na kutengeneza bila kupoteza franga

Mu Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia, bafle ya nyumba inaweza kupita mikononi mwa watu watatu ao wane na ikaendelea kulia. Zingine ziliingia ndani ya kontena toka Ulaya ao Dubai, zingine zinauzishwa na familia inayohama ao inayotafuta franga ya masomo ya watoto. Wapenda muziki wanazitafuta kwa sababu bafle ya zamani iliyotengenezwa vizuri inaweza kushinda mpya ya bei ileile. Lakini bafle mbovu inaweza kuchoma hata ampli, na pale hasara inakuwa mara mbili.

Ndani ya bafle muko nini

Bafle ya kawaida iko na sanduku la mbao, oparleri kubwa ya sauti nzito, na ndogo ya sauti nyembamba, ile wanaita twita. Kati yao kuna filtri, yenye kondasateri na bobini, inayogawanya sauti. Kila oparleri iko na sumaku nyuma, membrani mbele, na bobini ya waya mwembamba katikati. Membrani inashikiliwa pembeni na pete ya sponji, mpira ao kitambaa.

Thamani ya bafle iko ndani ya oparleri zake, haiko kwenye rangi ya sanduku wala jina lililobandikwa mbele. Majina makubwa kama Sony, Pioneer ao JBL yanaigwa mingi. Pia maandiko ya PMPO, hata kama ni wati 1000, ni hesabu ya matangazo tu. Tafuta wati za RMS na ohm, mara nyingi zimeandikwa nyuma.

Namna ya kupima mbele ya kulipa

Kwanza, ondoa kitambaa cha mbele na uangalie pete. Sponji inaoza yenyewe kisha miaka 10 mpaka 20, hata kama bafle haikutumika. Ukiigusa na inavunjika kama mkate mkavu, hesabu bei ya kutengeneza. Mpira na kitambaa vinadumu zaidi.

Pili, weka vidole vya mikono miwili pembeni ya membrani ya oparleri kubwa, uisukume polepole. Inapaswa kwenda na kurudi kimya. Ukisikia inakwaruza, bobini imeungua ao imetoka katikati. Harufu ya moto nayo ni alama mbaya.

Tatu, shika jiwe la radio la volti 1,5 na nyaya mbili. Plus kwa plus, gusa kidogo tu: membrani inapaswa kuruka kwenda mbele. Fanya vile kwa bafle zote mbili. Kama moja inarudi nyuma, nyaya zake zimegeuzwa ndani, na zikilia pamoja sauti nzito itapungua.

Nne, kama uko na testa, pima ohm. Bafle ya ohm 8 inaonyesha karibu 6 ao 7, ya ohm 4 inaonyesha kama 3 na kitu. Kama hakuna kitu kinaonekana, waya umekatika mahali. Lakini mara nyingi testa haioni twita, kwa sababu kondasateri inazuia kuran yake. Twita inapimwa kwa masikio: weka wimbo wenye gitaa ya sebene, sogeza sikio karibu. Kama gitaa inasikika kama iko nyuma ya ukuta, twita imekufa.

Vile vinavyotengenezeka

Pete ya sponji inabadilishwa. Fundi anapima oparleri, anaondoa sponji na kole ya zamani, anabandika pete mpya, anahakikisha membrani iko katikati, kisha anaacha ikauke mpaka kesho yake. Kubandika kitambaa kizito hakufai, kinafunga membrani isicheze. Kondasateri ya filtri pia inabadilishwa kwa nyingine ya kipimo kile kile. Bobini iliyoungua ndiyo kazi ngumu: inaombwa fundi anayejua kuzungusha waya, na kama hayuko, ni heri kutafuta oparleri nyingine ya ohm na ukubwa ule ule.

Usisahau ampli

Ukifunga bafle mbili za ohm 4 kwenye tundu moja, ampli inaona ohm 2, na nyingi za nyumba hazivumilii ile. Tena ampli ndogo inayosukumwa mpaka sauti inakwaruza inaunguza twita, hata kama bafle inaandikwa wati nyingi. Ampli mbovu nayo inaweza kutuma kuran ya moja kwa moja ndani ya bobini. Mbele ya kufunga bafle uliyotoka kununua, pima matundu ya ampli kwa testa bila muziki: inapaswa kuwa karibu sifuri. Ikionyesha volti kadhaa, usifunge. Na ampli isifunguliwe na mtu asiyejua: kondasateri zake kubwa zinachunga kuran hata kisha kuzima.

Karatasi ya mauzo

Wakati watu wanahama kwa haraka, vyombo vya nyumba vinauzishwa bei ya chini, na vilivyoibwa vinachanganyika na vya haki. Bei ikiwa chini sana, uliza bafle imetoka wapi. Karatasi moja inatosha: majina ya muuzaji na mnunuzi, tarehe, marque, namba iliyo nyuma, bei, na saini za wote wawili pamoja na shahidi mmoja. Muuzaji aandike pia ubovu anaoujua, na siku ambazo mnunuzi anaruhusiwa kurudisha. Mwenye bafle akitokea siku moja kuitafuta, ile karatasi itaonyesha nani aliiuzisha na siku gani.