Ugawaji Nasibu, Si Ugawaji Kiholela

Ugawaji nasibu ni kuamua kwa kura nani apewe huduma inayochunguzwa na nani asubiri ili alinganishwe naye. Nafasi ya kila mmoja kuchaguliwa inajulikana mapema, na hakuna mkubwa wala mtafiti awezaye kupendelea wake. Kwa hiyo "ugawaji kiholela" na "ugawaji bila mpangilio", tafsiri zinazong'ang'aniwa na baadhi ya kamati, zinaitukana njia yenyewe. Holela ni kazi ya asiyejali. Hapa mpangilio ndio kazi yote.

Magharibi mwa Kenya, kwa mfano, watafiti Jessica Cohen na Pascaline Dupas walizipangia kliniki za wajawazito, kwa kura, bei tofauti za vyandarua vyenye dawa, kuanzia bure hadi shilingi 40. Bei ilipofika 40, waliochukua walipungua kwa watu 60 hivi katika kila 100, na waliopewa bure hawakuzembea kuvitumia zaidi ya walionunua. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2010, yaliwapa nguvu waliotetea ugawaji wa bure dhidi ya uchangiaji wa gharama. Ofisa wa wizara anayesoma kwamba bei hizo zilipangwa "kiholela" ana kila sababu ya kuitupa ripoti, na kosa ni la mfasiri.

Nasibu imetoka katika Kiarabu, naswib, yaani fungu au sehemu aliyokatiwa mtu. Maana hiyo ya fungu ndiyo inayotakiwa: kuna mgawaji, kuna kanuni, na apataye hakujichagulia. Kiswahili kimeihifadhi katika bahati nasibu, mchezo ambao hata mtoto anajua kwamba tiketi zake huhesabiwa na kuandikwa namba. Sadfa, inayopendekezwa na wengine, ni tukio lisilokusudiwa na yeyote, ilhali jaribio limekusudiwa tangu mwanzo. Kura peke yake ingefaa kama uchaguzi usingekwisha kuiteka. Wapo pia wanaounda kitenzi "kunasibisha" bila kufungua kamusi: hicho tayari kina maana ya kuhusisha, na shina lake ni lile la nasaba, lenye herufi ya Kiarabu sini, si swadi ya naswib. Matamshi ya Kiswahili yameziunganisha sauti hizo mbili. Mwanaistilahi hana ruhusa ya kuunganisha maana za maneno hayo mawili.

Katika matumizi: sampuli nasibu, jaribio nasibu, kugawa kwa nasibu.