Mti Huchaguliwa kwa Kazi Yake

Mwezi Desemba 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Wananchi, wanafunzi na majeshi waliitwa kushiriki. Hata hivyo, wingi wa miche si hoja peke yake. Hoja iliyo kubwa zaidi ni mti gani upandwe, wapi, na kwa kazi gani. Historia ya Kenya yenyewe imekwisha kulijibu swali hilo, na jibu lake lilipatikana kwa hasara.

Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, garimoshi lilikuwa likila kuni. Misitu iliyokuwa karibu na njia ikafyekwa. Mtarakwa, mti wa asili wa milimani ambao mchwa hauwezi, ulikatwa kwa nguzo na kwa mbao za penseli zilizouzwa Ulaya. Utawala wa kikoloni ulitaka miti ya kukua upesi, ukaleta mikaratusi na miwati kutoka Australia, na baadaye misindano na saipresi kutoka Amerika. Kuanzia mwaka 1910 wakulima walipewa vipande vya ardhi ya msitu walime chakula huku wakitunza miche ya serikali. Miti ilipotoa kivuli, wakulima walihamishwa. Hivyo ndivyo mashamba makubwa ya mti wa aina moja yalivyochukua nafasi ya misitu ya asili katika sehemu nyingi za nyanda za juu.

Mbao zilipatikana, na hilo halina ubishi. Bila mashamba hayo shoka lingeingia ndani zaidi ya misitu iliyosalia. Lakini kikosi chenye silaha ya aina moja hushindwa siku adui anapoijua silaha hiyo. Ugonjwa wa kuvu uliishambulia saipresi ya kwanza, ile yenye asili ya California, hata upandaji wake ukaachwa na nafasi yake ikashikwa na saipresi ya Mexico. Nayo haikupona. Vidukari walioonekana Malawi mwaka 1986 walipita Tanzania, na kufikia mwaka 1990 walikuwa Kenya, wakikausha saipresi mashambani na hata kwenye nyua za nyumba. Aidha, katika mashamba hayo ndege na mbega hawakupata matunda waliyoyazoea. Mikaratusi iliyopandwa kando ya chemchemi ilikunywa maji mengi mno, na mwaka 2009 Serikali ikaagiza ing'olewe katika vyanzo vya maji.

Walikuwapo walioona mapema. Mwaka 1922, katika nchi ya Wakikuyu, mwanamisitu Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo waliwakusanya vijana wa rika la wapiganaji, wakaunda chama cha Watu wa Miti. Vijana waliozoea ngoma ya vita wakachezeshwa ngoma ya miti. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba mjini Nairobi, kila mmoja kwa heshima ya mtu mmoja aliyeitumikia jamii yake. Kwa kukosa matunzo, ni miwili tu iliyosalia. Huo ulikuwa mwanzo wa harakati iliyompatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na fundisho kwamba siku ya kupanda ni mwanzo wa kazi, si mwisho wake.

Mfano mzuri wa kuchagua kwa akili ni mukau, mti wa asili wa nchi kavu, kama Kitui na Makueni. Hutoa mbao ngumu zisizoliwa na mchwa kwa urahisi, na huweza kuvunwa kati ya miaka 10 na 15. Majani yake ni malisho wakati wa kiangazi, na maua yake huwapa nyuki chakula. Ugumu wake ni mbegu, ambayo hujificha ndani ya kokwa gumu na haioti mpaka kokwa lipasuliwe kwa uangalifu. Milimani nako muiri hutoa mbao nzito na matunda yanayopendwa na ndege na mbega. Hakuna aliye hodari kila mahali: mukau haufai kwenye baridi ya milimani, wala muiri kwenye ukame wa Kitui.

Waswahili husema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Kambi za jeshi na vituo vya polisi nchini Tanzania hupanda miti kila msimu wa mvua. Kamanda hampangi askari lindo kabla ya kuijua ardhi na kazi yenyewe. Na mche upangwe hivyo hivyo: wa mbao penye nafasi, wa matunda ya ndege penye chemchemi, wa nchi kavu penye ukame, kisha uwekewe mlinzi mpaka usimame wenyewe.