Unataka kusoma ujasiriamali Moshi? Panga kabla mzee hajauza ng'ombe

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali ni lile lile: "Kaka, mimi nataka kuwa mjasiriamali, nisome kozi gani?" Jibu langu huwaudhi wengi, maana nami huwa nauliza: unataka kuuza nini? Hapo kijana ananyamaza, anaangalia skrini, dakika zake za intaneti zinakwisha.

Tuanze na mjomba. Tanzania nzima mwenye duka la mtaani anaitwa Mangi, hata kama hajawahi kuuona mlima. Mangi zamani alikuwa mtawala wa Wachaga, leo ni yule jamaa anayekupimia sukari robo. Akina Mangi wengi hawakusoma biashara chuo chochote, na wamesomesha watoto. Sasa kijana wa Kibosho au Mwika ana haki ya kuuliza: kwa nini nikae darasani miaka mitatu kujifunza kitu ambacho mjomba anakifanya bila cheti?

Mimi naona hivi. Kama unaenda chuo ujifunze kuuza, usiende, kakae dukani kwa mjomba. Nenda chuo ukatafute vile ambavyo mjomba hana: hesabu ambazo benki inaweza kuzisoma, sheria ya mikataba, kukokotoa gharama ya bidhaa moja, kujua soko kabla hujamwaga mtaji. Na hivyo vitu havina maana mpaka uwe na biashara kichwani. Ndiyo maana nasema biashara kwanza, kozi baadaye.

Mfano. Unataka kusindika ndizi, maziwa au parachichi za kwenu Rombo? Basi ufundi wa chakula ni nusu ya kazi. Kama ulisoma sayansi, angalia SUA pale Morogoro, halafu upande wa biashara utaujazia kwa kozi fupi. Unataka kufungua karakana? VETA ipo hapo hapo Moshi. Unataka biashara ya mazao, ya fedha au ya vikundi? Hapo ndipo Chuo Kikuu cha Ushirika, MoCU, kinaingia.

Chuo hiki hakikuota tu. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro walianzisha chama chao cha KNPA mwaka 1925, kikafuatiwa na KNCU mwaka 1933, wakati sehemu kubwa ya Afrika Mkulima Mwafrika hakuwa na sauti kwenye bei ya zao lake. Chuo cha Ushirika kikaanza mwaka 1963, mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya SUA (wengi tulikizoea kwa jina la MUCCoBS), na mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Kimekuwa kikitoa kozi za ushirika na uhasibu, ununuzi na ugavi, uchumi wa biashara, pamoja na shahada ya mikopo midogo na maendeleo ya biashara, ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyo karibu zaidi na ujasiriamali. Lakini usidanganyike na jina la kozi. Fungua orodha ya masomo, hesabu ni mangapi yanahusu hesabu za fedha, gharama, sheria na masoko. Kozi yenye neno "ujasiriamali" kwenye jina na somo moja tu la uhasibu ndani yake, mimi naiogopa. Mwenyewe niliwahi kukaa kwenye darasa la ujasiriamali, chuo sikitaji, tukasomewa fotokopi semista nzima na hakuna aliyeuza hata karanga.

Vigezo havina longolongo. Kuingia shahada kwa kidato cha sita, TCU inataka prinsipo mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua 4 (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1), na kila kozi inaweza kuongeza masharti yake. Ukitokea diploma, kawaida ni GPA ya 3.0. TCU hutoa kitabu cha mwongozo kila mwaka, kisome mwenyewe. Na tafadhali, usimwachie dada wa intaneti kafe akuchagulie kozi kwa sababu foleni ni ndefu! Wapo waliojikuta wanasoma kitu ambacho walikijua siku barua ya kukubaliwa ilipofika.

Sasa nije kwenye daftari, maana hapa ndipo hela ilipo. Mjomba hana daftari, yote yamo kichwani. Angalia inavyomgharimu. Kwa viwango vya kodi ya wafanyabiashara wadogo vilivyoanza mwaka 2019, mwenye mauzo ya mwaka kati ya shilingi milioni 4 na milioni 7 ambaye hatunzi kumbukumbu analipa 100,000. Anayetunza kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Kwa hiyo ukiuza milioni 4 na nusu, mwenye daftari analipa 15,000 na asiye nalo analipa 100,000. Duka lile lile, mtaa ule ule! Viwango hubadilika na sheria ya fedha ya kila mwaka, kwa hiyo waulize TRA kabla hujapiga hesabu zako, lakini umenielewa. Somo la uhasibu linalokukimbiza darasani lina thamani ya 85,000 kabla hata hujafikiria mkopo wa benki.

Halafu kuna mzunguko wa hela, jambo ambalo kila mtoto wa mkulima wa kahawa amelionja bila kujua jina lake. Baba anapeleka kahawa chama cha msingi, anapata malipo ya awali, halafu anasubiri mnada ndipo aone malipo ya mwisho. Ada ya shule haisubiri mnada. Kahawa ina faida kwenye karatasi, lakini Januari mfukoni hakuna kitu. Biashara nyingi za vijana hufa hivyo hivyo, si kwa hasara bali kwa kukosa hela wiki moja mbaya. Biashara ya wageni wa mlima nayo ni hiyo hiyo: mvua za Aprili na Mei zikianza, wapandaji wanapungua, na kodi ya pango iko pale pale. Anayepanga kusoma biashara Moshi ajiwekee kalenda ya mji huu tangu mwaka wa kwanza: kahawa, mlima, na Kilimanjaro Marathon, ambayo imekuwa ikianzia na kuishia uwanja wa MoCU wenyewe. Maelfu ya watu wenye kiu wanakuja mpaka mlangoni kwako, halafu wewe uko bwenini unalala?

Kuhusu mkopo wa HESLB. Bumu ni tamu, lakini ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Aliyejiajiri amekuwa akitakiwa kulipa kuanzia shilingi 100,000 kwa mwezi. Piga hesabu: ni 1,200,000 kwa mwaka. Kama faida yako ni asilimia 20 ya mauzo, unahitaji kuuza milioni 6 ili kulipa bodi tu, hujala, hujalipa pango. Simwambii mtoto wa maskini asikope, bila mkopo wengi tusingesoma. Nasema deni hilo liandike kwenye mpango wa biashara tangu siku ya kwanza, kama unavyoandika bei ya mashine.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza anza kitu kidogo, hata kuuza ndizi mbivu au mitumba ya Kiboriloni, kwa laini ya simu tofauti na ile yako binafsi ili hela zisichanganyike. Andika kila siku. Mwaka wa pili fanya mambo rasmi: jina la biashara BRELA kwa mtandao ukiwa na namba ya NIDA, TIN kutoka TRA (ni bure, asikutoze mtu), leseni halmashauri. Kama ni chakula, pita SIDO kwanza wakuelekeze njia ya kufika TBS.

Na fildi! Usiombe ofisini kwa baba mdogo ukapige fotokopi na kuchemsha chai. Omba chama cha msingi cha kahawa msimu ukianza, kuanzia Julai. Keti na katibu, mwombe akuonyeshe kilo zilizoingia, malipo ya awali, makato na tarehe za malipo ya mwisho. Kisha chukua karatasi uhesabu ni siku ngapi mkulima mmoja alikaa bila hela yake.